Kongo yadai haki Arusha, Baraka ni ushahidi wake

Juni 2025, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao Arusha, ilikubali kuisikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Kinshasa ina kiti pia katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, 2025 hadi 2027. Lakini anayemshtaki jirani huulizwa kwanza kwake kukoje.

Jibu bora la Kongo liko Baraka. Tarehe 1 Januari 2011, wanajeshi wa FARDC waliwabaka wanawake mjini Fizi. Korti ya kijeshi ikahamia Baraka, na wanawake 49 wakatoa ushahidi. Tarehe 21 Februari, kamanda wao, luteni kanali Kibibi Mutware, alihukumiwa miaka 20 jela kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Siku 51 tu! Hoja hiyo ina uzito kuliko hotuba nyingi za Geneva.

Lakini katika wilaya hiyo hiyo iko Makobola. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 inasema zaidi ya watu 800 waliuawa huko kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999. Familia zao bado zinangoja korti, ya ugenini au ya nyumbani.