NANI ALISEMA, NANI ALIANDIKA?
Kufundisha Historia kwa Vitabu Vilivyotokana na Masimulizi

Utangulizi

Kila mwaka, katika somo la Mbinu za Kufundishia Historia, huwapeleka wanachuo wetu katika vijiji vilivyo jirani na chuo ili wakusanye masimulizi ya wazee. Kazi hiyo huipenda sana, nasi tumekuwa tukiisifu kuwa ni njia ya kuitoa Historia katika kurasa za kitabu na kuirejesha kwa wenyewe. Lakini mwaka mmoja mzee mmoja, baada ya kuitikia shikamoo za vijana na kuwakaribisha mkekani, alitugeukia sisi wakufunzi akauliza: “Mwalimu, wale wenzenu wa mwaka juzi niliwaeleza habari za babu zetu siku mbili nzima. Maneno yangu yako wapi?”

Hatukuwa na jibu. Tuliporudi chuoni tulifungua kabati. Madaftari yalikuwamo, yamesahihishwa na kupewa alama. Lakini mengi hayakutaja jina la msemaji. Yaliandika tu “mzee mmoja wa kijijini”. Kwa maneno mengine, tuliwafundisha wanachuo kuchukua, hatukuwafundisha kutaja wala kurudisha.

Aibu hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Tunataka kueleza jinsi maneno ya watu yanavyosafiri kutoka mdomoni hadi kwenye kitabu cha kitaaluma, na jinsi mwalimu anavyoweza kuifanya safari hiyo yenyewe kuwa somo. Mwanafunzi asiyejua kitabu kilivyotengenezwa atakiamini chote au atakikataa chote, na katika hali zote mbili atakuwa hajajifunza Historia.

1. Mahali taaluma mbili zinapokutana

Kwa muda mrefu wanahistoria wa Ulaya walishikilia kwamba chanzo halali cha historia ni hati. Pasipokuwa na karatasi, walidhani, hapana historia. Wanaanthropolojia, kwa upande wao, walikwenda kukaa na watu, wakajifunza lugha zao na kuwauliza juu ya ndoa, mashamba, matambiko na utawala. Hata hivyo wengi wao waliandika kana kwamba watu hao hawakuwa na jana. “Wao hufanya hivi, wao husema hivi,” ndivyo vitabu vyao vilivyoeleza, kama kwamba desturi ni jiwe lisilosogea.

Mgawanyo huo ulionekana hata katika uchapishaji. Jarida liitwalo Africa, lililoanzishwa London mwaka 1928, lilishughulika hasa na lugha na desturi za watu wa bara letu. Jarida la The Journal of African History lilianza mwaka 1960, miaka zaidi ya thelathini baadaye.

Ukuta huo ulibomolewa kutoka pande zote mbili. Mwaka 1950 E. E. Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia mwenyewe, alitoa mhadhara huko Oxford akadai kwamba taaluma yake ina udugu zaidi na historia kuliko sayansi ya maumbile. Kutoka upande wa pili alikuja Jan Vansina, Mbelgiji aliyesomea historia ya Ulaya ya zama za kati, ambaye tangu mwaka 1953 alifanya utafiti miongoni mwa Wakuba wa Kongo. Mwaka 1961 alichapisha kwa Kifaransa kitabu kilichoeleza kwamba mapokeo ya mdomo yanaweza kupimwa na kulinganishwa kama hati zinavyopimwa. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1965.

Katika Afrika ya Mashariki njia hiyo ilishikwa upesi na wanahistoria wenyeji. Bethwell Ogot alitoa historia ya Waluo wa Kusini mwaka 1967, na Isaria Kimambo historia ya siasa ya Wapare mwaka 1969. Vyote viwili vilichapishwa Nairobi na East African Publishing House. Jambo hili si dogo. Kitabu kinachochapishwa karibu na watu wanaoelezwa ndani yake kinaweza kufika mikononi mwao, nao wakakijibu.

2. Safari ya neno: mifano mitatu

Mfano wa kwanza ni Desturi za Waswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa sehemu za Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Maandishi yake, pamoja na ya Waswahili wengine, yalichapishwa Göttingen mwaka 1903, na jina lililosimama juu ya kitabu lilikuwa la Carl Velten, Mjerumani aliyeyakusanya. Mtoro alifariki huko huko Berlin mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipotoka Marekani mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipoingia katika anwani ya kitabu. Miaka 78 ilikuwa imepita.

Kitabu hiki kina mambo mengi mazuri ya kufundishia, lakini mwalimu aangalie mambo mawili. Kwanza, desturi zinazoelezwa ni za pwani ya mwisho wa karne ya 19, wakati utawala wa Kijerumani ulipokuwa unaingia. Si desturi za Waswahili wote wa nyakati zote. Pili, majibu ni ya mwenyeji, lakini haja ya kuuliza ilikuwa ya mgeni. Mwanafunzi ajizoeze kujiuliza: swali lililozaa maneno haya lilikuwa lipi?

Mfano wa pili ni mradi wa utafiti juu ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Mwaka 1968 wanafunzi wa Historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda sehemu zilizopigana wakawahoji wazee ambao baadhi yao waliviona vita hivyo kwa macho. Mwaka huo huo G. C. K. Gwassa na John Iliffe walitoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo, na ndani yake ushahidi wa wazee ukawekwa pamoja na majina yao. Hapa tunaona hatua kubwa mbele: anayesema si “mzee mmoja” tena, bali ni shahidi mwenye jina na mahali. Tena waliofanya kazi hiyo walikuwa vijana wanafunzi kama hawa wetu. Mwanachuo asiseme kwamba jambo hili ni la maprofesa peke yao.

Mfano wa tatu unatoka Kongo. Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville ambao sasa ni Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Aliiandika kwa Kiswahili cha huko. Hii ni historia ya ukoloni inayotazamwa kutoka jikoni na uani. Anayesimulia ni upande wa yule aliyefua, aliyepika na aliyesimama mlangoni akingoja amri.

Andiko hilo lilichapishwa Amsterdam mwaka 1990 na mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Ugumu ulikuwa katika kulisoma, kwani halikufuata kanuni za tahajia tulizozoea. Fabian hakulisahihisha liwe Kiswahili sanifu. Alimwomba msaidizi wake, Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hiyo, alisome kwa sauti. Na yaliyosomwa yakaandikwa upya. Kitabu kikatolewa kikiwa na andiko la Yav, usomaji wa Kalundi Mango, tafsiri na maelezo, na jina la Yav likawekwa katika anwani. Msomaji anaweza kuona kila mkono uliopita juu ya maneno. Hata hivyo, maelezo yake ni ya Kiingereza na kiwanda chake kiko Ulaya. Si rahisi watoto wa wale watumishi kukipata. Kutaja jina ni nusu ya deni. Kurudisha ni nusu ya pili.

3. Maswali manne ya kuulizia kitabu

Kutokana na mifano hiyo tunapendekeza maswali manne, ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyashika bila shida:

(a) Nani alisema, wapi, na lini?
(b) Nani aliuliza na nani aliandika, na kwa lugha gani?
(c) Nani alipanga, alitafsiri au alisahihisha, na ni nini kilichobadilika?
(d) Kitabu kilichapishwa wapi, na nani anaweza kukisoma?

Swali lisilopata jibu lisirukwe. Mwanafunzi aandike “kitabu hakisemi”. Kujua kitabu kinanyamaza wapi ni sehemu ya elimu.

4. Vipindi viwili darasani

Katika kipindi cha kwanza mwalimu amwalike mzee au mama wa karibu asimulie tukio moja kwa muda wa dakika kumi: jinsi soko lilivyoanzishwa, au mwaka wa njaa aliouona. Nusu ya darasa waandike anavyosimulia. Nusu nyingine wasiandike neno mpaka amalize. Kisha wasome walivyoandika. Tofauti zitajitokeza zenyewe. Mmoja ataacha methali kwa kuona haina habari. Mwingine ataondoa marudio. Wa tatu atabadili neno la kienyeji kwa neno sanifu. Mwalimu asiwakaripie. Awaulize: mlipofuta, mlifuta kosa au mlifuta ushahidi? Neno la kienyeji la aina ya jembe au la daraja la utawala huweza kubeba historia ambayo neno sanifu halina.

Katika kipindi cha pili darasa litengeneze ukurasa mmoja wa kuchapwa: jina la msimulizi akikubali litajwe, tarehe, mahali, maneno yake, na chini yake maelezo ya wanafunzi yakiwa yametengwa wazi na maneno ya msimulizi. Ukurasa huo usomwe mbele yake kabla ya kuchapwa. Majarida ya kitaaluma huwapa wataalamu wengine makala wayahakiki kwanza. Nasi tunaona kwamba mhakiki wa kwanza wa masimulizi ni msimulizi mwenyewe.

Hitimisho

Baada ya swali la yule mzee tulikusanya yaliyosalia katika madaftari, tukayachapa kijitabu chembamba na kukipeleka kijijini. Tulimsomea sehemu yake. Alisikiliza akitikisa kichwa, akatusimamisha mahali pawili: jina la kilima lilikuwa limekosewa, na mtu tuliyemwita chifu hakuwa chifu, alikuwa mgeni aliyepewa ardhi. Kosa hilo la pili lingegeuza historia nzima ya kijiji, na pengine kuzua mgogoro wa mashamba. Alama tulizompa mwanachuo aliyeandika habari hiyo zilikuwa nzuri sana.

Lakini wapo wasimulizi wengine katika madaftari yale ambao mpaka leo hatujawatambua. Maneno yao tunayo; wenyewe tumewapoteza, kwa sababu siku ile hakuna aliyeona haja ya kuandika jina. Walimu wenzetu, kosa hili halihitaji fedha wala vifaa ili likomeshwe. Linahitaji mstari mmoja tu juu ya ukurasa, kabla ya neno la kwanza la masimulizi. Tuanze kuudai mstari huo kwa wanafunzi wetu, na tuukatie alama usipokuwapo.