Waya wa Kale na Waya wa Kisasa

Ukitazama nyuma ya runinga katika nyumba ya Mukuyuni, huko Makueni, huenda ukaona nyaya zimesokotana kama mizizi ya mkuyu uliopapatia mahali hapo jina. Tangu Kenya ilipozima matangazo ya analogi mwaka 2015, nyaya za kale na za dijitali zinaishi pamoja, na swali ni moja: je, waya wa bei ghali huleta picha bora?

Tuanze na wa kale, ule wa vichwa vitatu. Kichwa cha manjano huchukua picha, cheupe sauti ya kushoto, chekundu ya kulia. Umeme wake hupanda na kushuka ukiliiga wimbi la sauti yenyewe. Kwa hivyo mvumo wowote unaoingia njiani huchanganyika na wimbo, na kuutenga tena ni shida.

Waya wa HDMI, uliozuka mwaka 2002, huchukua hesabu tupu: sifuri na moja. Runinga ikiweza kuzitambua, picha hutoka ile ile, waya uwe wa shilingi 300 au 3,000. Isipoweza, huoni rangi zikififia kidogo kidogo. Utaona vinukta vikimetameta, au kioo kiwe cheusi. Dhahabu ya kichwani huzuia kutu tu, haiongezi rangi hata chembe. Ila waya ukiwa mrefu sana, au picha ikiwa ya 4K, sharti uwe umeundwa kwa kazi hiyo.

Sasa mfikirie mzee aliyehifadhi santuri za Kakai Kilonzo, kiongozi wa Kilimambogo Brothers, aliyefariki mwaka 1987. Sindano ya sumaku ya gramafoni hutoa umeme wa milivolti chache tu. Waya wake ukiwa mrefu, au usipovikwa vyema wavu wa shaba, gitaa la benga litazamishwa na mvumo. Hapo ndipo shilingi za ziada zina kazi: waya mfupi, uliovikwa vizuri, wenye vichwa safi.

Basi uendapo dukani, nunua HDMI ya kawaida iliyo nzima, na akiba uliyobakiza uitumie kuutunza waya wa santuri. Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao.