Banque Lambert: pesa ya haraka, deni lisiloisha

Siku ya mshahara, mbele ya mashine ya kutoa pesa, kuna wakati mtu mmoja anaonekana na karte nyingi za banki mkononi. Si zake. Ni za walimu, askari na wafanyakazi wengine wa serikali waliomwachia karte pamoja na kode ya siri, sababu walikopa kwake. Hiyo ndiyo Banque Lambert, mkopo ambao Wakongomani wengi wanaukimbilia pale banki ya kweli inapowafungia mlango.

Jina ni la banki ya zamani ya Ubelgiji, lakini biashara hii haina ofisi wala kibali. Mkopeshaji anaweza kuwa jirani, mfanyabiashara wa soko, hata mwenzako wa kazi. Haombi dosie wala haulizi kama uko na deni lingine. Mgonjwa akiwa hospitali ao mtoto akifukuzwa shule juu ya minervali, pesa inapatikana siku ileile.

Bei yake ndiyo shida. Mara nyingi faida inakuwa kati ya 30 na 50% kwa mwezi. Tuchukue mfano wa mwalimu anayekopa dolari 100 kwa 50%. Mwisho wa mwezi anapaswa kurudisha 150. Akiweza kutoa 50 tu, amelipa faida peke yake. Deni la 100 linabaki palepale. Akiendelea hivyo miezi 4, ametoa dolari 200 na bado anadaiwa 100. Na kama hakulipa kitu, faida inaongezwa juu ya deni: 150 inakuwa 225, kisha inapita 337 mwezi wa tatu.

Marekani pia kuna mikopo ya kungojea mshahara. Kule mara nyingi wanalipisha dolari 15 kwa kila 100 kwa wiki mbili, sawa na karibu 390% kwa mwaka, na watu wanalalamika. Ile ya 50% kwa mwezi inafikia 600%.

Tangu mwaka 2011 serikali ilipoanza kulipa wafanyakazi wake kupitia banki, karte imekuwa rehani. Mkopeshaji anatoa mshahara mwenyewe, anakata yake, anampa mwenye karte kinachobaki. Kinachobaki hakitoshi mwezi, basi mtu anakopa tena. Asiye na mshahara, kama walimu ambao hawajaingia kwenye listi ya malipo, anaweka simu, televisheni ao karatasi za parsele.

Huku Goma na Bukavu, banki zilifunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025 kwa sababu ya vita. Kupata mshahara kumekuwa safari na komisyo, na anayedaiwa anaendelea kuhesabiwa siku.

Sheria inasema nini? Kukopesha watu kama kazi kunaomba kibali cha Banki Kuu ya Congo. Sheria n° 11/020 ya tarehe 15 mwezi wa 9, 2011 iliweka kanuni za mikopo midogo. Pia, Congo ilikubali mapatano ya kimataifa yanayokataza kumfunga mtu gerezani kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni. Lakini wengi hawajui hayo. Tena karatasi wanayosaini mara nyingi haitaji faida: inaandika kwamba mtu alipokea 150, kumbe alipokea 100. Mbele ya hakimu, karatasi hiyo ndiyo inasema.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, soma jumla iliyoandikwa, uliza faida inahesabiwa namna gani ukichelewa, omba kopi, na usiache kode yako kwa mtu. Kila unapolipa, dai risiti.

Njia nyingine ipo katika mitaa na vijiji vya Kivu: AVEC. Watu 15 hadi 30 wanaweka akiba kila wiki ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Mwanachama anakopa humo, na faida anayolipa inagawiwa kwa wote mwisho wa mzunguko, baada ya mwaka hivi. Kuna pia kasha ya msaada kwa ugonjwa na matanga. Haitoi pesa nyingi, na inaomba kuanza kuweka akiba kabla shida haijafika. Lakini hakuna anayeondoka na karte ya mwingine.