Upanga wa Kijapani Usihukumiwe kwa Mpini

Upanga wenye mpini wa shaba na tao linalokinga vidole ukitolewa kwenye sanduku la marehemu mjini Goma, watu husema papo hapo kwamba ni wa ofisa Mbelgiji wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo. Mara nyingi watakuwa sahihi. Ila Japani nayo, ilipojenga jeshi la kisasa wakati wa Mfalme Meiji, iliwapa maofisa wake panga za mtindo wa Ulaya, na jeshi la nchi kavu halikurudia umbo la samurai hadi mwaka 1934. Kwa hiyo upanga wa sherehe wa Kijapani waweza kudhaniwa wa Brussels. Mpini hueleza upanga ulivaliwa na nani. Aliyeufua, na lini, huelezwa na chuma chenyewe, hasa msuka, ile sehemu inayozama ndani ya mpini.

Wako watakaouliza: upanga wa Japani ufike vipi Kivu? Njia ipo. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwasukuma Wajapani kupitia bonde la Kabaw, Burma, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin, na hospitali ya kijeshi kutoka Kongo ya Wabelgiji ilihudumia majeruhi katika vita hivyo. Japani iliposalimu amri mwaka 1945, maofisa wake huko walilazimishwa kukabidhi panga zao, na nyingi zikagawiwa washindi kama kumbukumbu. Lakini njia kuwepo hakuthibitishi kwamba upanga huu uliipita. Simulizi ya ukoo hupata nguvu ikiwa na cheti cha jeshi, picha au barua. Peke yake haipangi bei.

Tuuangalie upanga wenyewe. Mpini wa Kijapani wa aina hiyo huvikwa ngozi ya taa iliyozungushiwa waya, na juu ya shaba huchongwa maua ya mcheri. Kwa ule wa Kibelgiji, tafuta herufi ya jina la mfalme au jina la duka la Ulaya. Upanga wa gwaride tupu una bapa lililopakwa kromu, butu tangu kiwandani. Usio wa kawaida ni ule ambao ndani ya vazi la Ulaya mna chuma cha mababu: ofisa alichukua upanga wa ukoo wake, akaufungia mpini wa kanuni mpya. Hapo kando ya makali huonekana mstari mweupe kama ukungu, uliomo ndani ya chuma, si wa kuchorwa juu. Kigingi kidogo cha mwanzi hushika mpini. Kikisukumwa taratibu, mpini huchomoka, na msuka hutokea na kutu yake nyeusi, pengine na jina la mhunzi.

Jina hilo nalo lisimlevye mtu. Kwa karne nyingi Wajapani wenyewe wamechonga majina ya wahunzi mashuhuri kwenye kazi za wengine, hivyo jina lisilolingana na sura ya chuma ni dai tu. Muuzaji atasema fundi wa mtaa wa Birere mjini Goma akiusugua utavutia wateja. Utavutia, ndiyo, lakini kutu ya msuka ndiyo ushahidi wa umri, na msasa ukishaiondoa hakuna wa kuirudisha. Mwenye upanga kama huo aushike kwa hadhari, maana makali ya kale bado hukata. Apige picha za msuka pande zote mbili mchana, amtafute anayesoma Kijapani, na asiuuze kabla ya kupata jibu.