MTI HUKUA WAPI?

Ukipigilia msumari katika shina la mkaratusi kwa kimo cha kifua chako, kisha ukarudi baada ya miaka 10, je, utaukuta wapi? Wengi hudhani ya kuwa utakuwa umepanda juu pamoja na mti. Sivyo. Utaukuta kwa kimo kile kile, pengine umekwisha kumezwa na gome.

Sababu ni kwamba mmea haukui mwili mzima kama mtoto. Hurefuka na kunenepa mahali maalum tu, penye chembe hai changa zisizoonekana kwa macho, ambazo kazi yake ni kugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Wataalamu huziita sehemu hizo meristemu. Zilizo katika ncha za matawi huurefusha mti kwenda juu; zilizo katika ncha za mizizi huisukuma mizizi udongoni. Tena kati ya gome na mti mna utando mwembamba uitwao kambiamu, nao ndio unenepeshao shina.

Kwa hiyo ajihadhari mtu abanduaye gome kwa ajili ya dawa. Akilizungusha shina lote, huondoa kambiamu na kukata njia ya chakula kishukacho kutoka majanini. Mizizi hufa njaa, na mwisho mti wote hukauka, ijapokuwa haukuguswa na shoka.

Nyasi zina bahati zaidi. Meristemu zake nyingi zimejificha chini, karibu na udongo, hata ng'ombe akila ncha za majani, majani husukumwa tena kutoka chini. Lakini mifugo ikiachwa kuguguna mpaka shinani, malisho huharibika.

Mnazi ndio wenye hatari kubwa. Hauna kambiamu, ndiyo maana vidato vya wakwezi havizibi kamwe. Nao hukua kwa kilele kimoja tu, yaani moyo wake. Mdudu chonga akitoboa mpaka hapo, mnazi hufa, kwa kuwa hauna tawi la kuushika mahali pake.

Basi, mkulima, kabla hujainua panga lako, jiulize kwanza: mmea huu hukua wapi? Ukipajua mahali hapo, utajua pa kukata na pa kuacha.