Istilahi za Kazi ya Televisheni: Nani Mwongozaji, Nani Mkurugenzi?

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zinazohusu watu wafanyao kazi katika televisheni na katika fani zilizo jirani nayo, kama vile filamu na matangazo ya biashara. Tumelichagua somo hili kwa kuwa majina ya kazi hayaishii katika kamusi. Huandikwa katika mikataba, katika miundo ya utumishi na katika vyeti vya wahitimu. Jina likikosewa, mtu huweza kudaiwa wajibu usio wake, au kunyimwa haki iliyo yake.

Televisheni iliingia Afrika Mashariki kwa hatua. Kenya ilianza kurusha matangazo ya picha mwaka 1962, na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilifuata mwaka 1973, ikaanza kwa picha za rangi. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Wakati huo redio ilikuwa imekwisha kujenga msamiati wake kwa Kiswahili: mtangazaji, kipindi, idhaa, kipaza sauti, fundi mitambo. Televisheni ikahamia katika nyumba yenye vyombo tayari. Hilo lilikuwa jambo la heri. Lakini vyombo hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya sauti, na kazi nyingi za picha zilibaki bila jina, au zikapewa jina la haraka.

Tuanze na urithi wenyewe wa redio, yaani kitenzi tangaza. Neno matangazo hubeba maana tatu: vipindi vinavyorushwa na kituo, taarifa zinazotolewa kwa umma, na sifa za bidhaa zinazolipiwa na wafanyabiashara. Hebu tufikirie mkataba wenye sentensi hii: "Mtangazaji atawajibika kwa gharama za matangazo." Je, mtangazaji huyo ni msoma habari, ni kituo chenye leseni, au ni mwenye kiwanda cha sabuni? Kila mmoja anaweza kuisoma sentensi hiyo na kumwona mwenzake kuwa ndiye mdaiwa. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mtangazaji abaki kuwa mtu azungumzaye na wasikilizaji au watazamaji. Chombo chenye leseni kiitwe kituo cha utangazaji. Na alipaye fedha aitwe mtoa tangazo, nalo tangazo lake liitwe tangazo la biashara.

Neno la pili ni mkurugenzi. Kiingereza hutumia neno moja kwa mkuu wa idara au shirika, na pia kwa mtu awaelekezaye waigizaji na wapigapicha. Mfasiri aliyezoea nyaraka za ofisini, akikutana na neno hilo, huandika mkurugenzi mahali pote pawili. Hivyo "mkurugenzi wa filamu" huweza kudhaniwa kuwa ofisa wa serikali asimamiaye mambo ya filamu, kumbe anayetajwa ni msanii. Kiswahili hakina sababu ya kuirithi dhiki hiyo. Mkurugenzi ana ofisi, bajeti na watumishi walio chini yake. Mwongozaji ana mswada mkononi na waigizaji mbele yake. Majina haya mawili tunayo. Kinachotakiwa ni kuyatumia.

Mwongozaji naye asichanganywe na mtayarishaji. Mtayarishaji ndiye mwenye kipindi tangu kikiwa wazo hadi kinapofika hewani: hutafuta fedha, hukusanya watu, hupanga ratiba, na hujibu mbele ya wakuu wa kituo fedha zikizidi au siku zikipita. Mwongozaji huamua namna jambo litakavyoonekana: mwigizaji asimame wapi, kamera iwe karibu au mbali, picha ipi ifuate ipi. Katika vituo vidogo mtu mmoja hufanya kazi zote mbili. Hata hivyo, muundo wa utumishi hauna budi kuyataja majina yote mawili, kwani siku kazi hizo zitakapogawanywa, asiye na jina katika karatasi ndiye atakayekosa cheo na mshahara.

Istilahi ya tatu ni mhariri. Tumezoea mhariri wa gazeti, aamuaye habari ipi ichapwe. Katika televisheni wako wahariri wa aina mbili. Mhariri wa habari huamua taarifa ipi isomwe na kuhakikisha ukweli wake. Mhariri wa picha hukata na kuunga picha zilizokwisha kupigwa. Taarifa ya uongo ikirushwa, na barua ya mashtaka ikamtaja "mhariri" tu, fundi wa kuunga picha huweza kuitwa kujibu neno ambalo hakuwa na mamlaka ya kulifuta. Neno moja la ziada lingeliondoa shaka hiyo.

Pengine msomaji atauliza kama maneno yaliyopangwa hivi hukubaliwa na watu. Jibu tunalipata katika neno king'amuzi. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, wenye televisheni walihitaji kifaa cha kupokea mawimbi ya dijitali. Jina king'amuzi likawa la kila siku madukani na majumbani. Limetokana na kung'amua, yaani kutambua lililofichika, kwa kanuni ileile iliyotoa mvumbuzi katika vumbua. Kifaa kimeitwa kwa kazi yake, na mnunuzi hakuhitaji kufafanuliwa.

Kipimo hicho ndicho tunachokipendekeza kwa majina ya watu pia. Mfasiri akutanapo na cheo cha kigeni asiulize kwanza neno hilo hutafsiriwaje kwa kawaida. Aulize mtu huyu hufanya nini, na hujibu kwa nani. Mwalimu awape wanafunzi kipindi kimoja cha televisheni na kuwataka wazitaje kazi zote zilizokifanikisha, kuanzia mwandishi wa mswada hadi fundi taa. Naye ofisa wa utumishi, kabla ya kutia sahihi muundo mpya, ahakikishe kwamba kila jina lina kazi moja, na kila kazi ina jina lake.

Hatudai kwamba mapendekezo haya yamekamilika. Wako mafundi ambao wamekwisha kujitungia maneno yao studioni, na huenda baadhi yake ni bora kuliko haya yetu. Tunawaomba wasomaji wayakusanye na kutuletea, pamoja na maelezo ya kazi inayotajwa, ili yajadiliwe kabla hayajasanifiwa.