Kabla ya Kujaza Fomu, Ingia Karakana

Matatu ya nambari 58 inayokwenda Buruburu kwa Jogoo Road ni kazi ya mikono mingi. Yupo aliyekata vyuma vya bodi na kuvichomelea, aliyeshona viti, aliyepitisha nyaya za taa na spika, na aliyechora sura za wanamuziki na wanasoka ubavuni. Sehemu kubwa ya kazi hizo hufanyika katika Eneo la Viwanda la Nairobi, ng'ambo tu ya reli ukitoka Makongeni au Mbotela. Mtoto wa Maringo au Jericho hupanda gari hilo kila wiki, hulishangilia na kuliimba, lakini anaweza kumaliza Gredi ya 9 bila kuingia hata mara moja mahali lilipotengenezwa. Kisha anaambiwa achague mkondo wa masomo utakaomwelekeza kwenye kazi.

Uchaguzi huo si wa hiari tena. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilifanya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, mwishoni mwa mwaka 2025, watahiniwa zaidi ya milioni moja, na Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10 katika sekondari pevu. Mbele yao kulikuwa na mikondo mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; na sanaa na michezo. Wizara ya Elimu imeweka makadirio kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wafuate STEM, 25 sayansi za jamii, na 15 sanaa na michezo. Masomo ya lazima ni Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na huduma kwa jamii. Masomo matatu yanayobaki mtoto hujichagulia ndani ya mkondo wake.

Ndani ya STEM ndimo yalimo masomo ya ufundi: useremala, ufundi wa chuma, umeme, ujenzi, umekanika, teknolojia ya ndege, ya vyombo vya habari, na ya bahari na uvuvi. Wazazi wengi hawajatambua kuwa ufundi umewekwa kwenye mkondo mmoja na Fizikia na Kemia, wala haukutengwa kando kwa ajili ya walioshindwa. Mwanafunzi wa umeme anafanya Hisabati ileile anayofanya mwenzake anayetaka kuwa daktari. Serikali ilipotangaza mwezi wa Aprili 2025 kwamba Hisabati itakuwa ya lazima kwa wote, iligawa somo hilo mara mbili: Hisabati kamili kwa walio STEM, na nyepesi zaidi kwa mikondo mingine miwili. Kwa hiyo mzazi anayemwondoa mtoto kwenye useremala na kumpeleka sayansi za jamii "ili asije akawa fundi" huenda ndiye anayemfungia njia ya uhandisi.

Lakini siwalaumu wazazi. Hofu yao ina mizizi mirefu, na ilianza kwa sababu za haki kabisa. Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza elimu ya Mwafrika ielemee kilimo na kazi za mikono. Serikali ya kikoloni ililipenda pendekezo hilo, kwa kuwa ilihitaji maseremala na waashi wa mshahara mdogo, haikuhitaji mawakili. Waafrika waliisoma nia hiyo mapema. Shule huru zilizoanzishwa na Wakikuyu tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 zilitaka Kiingereza na vitabu, maana karani ndiye aliyelipwa vizuri na ndiye aliyesikilizwa. Mwaka 1965 msomi Philip Foster, aliyechunguza Ghana, aliandika kwamba vijana hawakimbii ufundi kwa kudanganywa na mtaala. Wanaangalia mishahara ilipo, na masomo ya vitabu ndiyo yaliyowafikisha kwenye kazi nzuri. Hoja hiyo bado ina nguvu. Mtoto wa Kaloleni anayewaona mafundi wakichuma kidogo, bila bima na bila kinga ya macho, hawezi kushawishiwa na bango la wizara.

Tena Kenya ilishawahi kujaribu. Tume ya Mackay ilitoa ripoti yake mwaka 1981, na mfumo wa 8-4-4 ukaanza 1985 kwa ahadi kwamba kila mtoto ataondoka shuleni akijua kazi ya mkono. Wazazi walichangishwa harambee wakajenga karakana. Zipo zilizopata paa na zikakosa randa, zilizopata meza na zikakosa mwalimu. Watoto walinunuliwa vikapu na vijiko vya mbao sokoni ili wawasilishe kama kazi zao. Katika miaka hiyohiyo ya 1980, shule za upili za ufundi, zilizokuwa na mashine na walimu waliofunzwa, ziligeuzwa taasisi za mafunzo ya ufundi. Kizazi kizima kikapoteza mahali ambapo kijana wa miaka 15 angeweza kusoma Fizikia asubuhi na kushika tupa mchana. Mzigo wa mtaala ulipopunguzwa mwaka 2002, masomo ya mikono yalikuwa miongoni mwa yaliyotolewa shule za msingi. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, iliendelea kutahini useremala, umeme, umekanika na mengineyo, ila katika shule chache zenye vifaa. Shule ya Mang'u imejulikana miaka mingi kwa somo la ndege, na jina hilo halikutokana na kitabu cha mwanafunzi bali na vifaa na walimu.

Hapo ndipo nasimama. Somo la ufundi lisilo na karakana ni jina kwenye karatasi. Mtoto atakariri aina za misumeno, atachora misumari daftarini, atafaulu mtihani wa maandishi, na siku atakayopewa ubao wa mvule hataelewa nyuzi za mti zinaelekea wapi.

Makadara, eneo la Nairobi lenye mitaa hii ya Maringo, Jericho na Makongeni, ina shule zenye historia: Ofafa Jericho, Aquinas, Buruburu Girls, na nyingine ndogo za kutwa zilizobanwa katikati ya nyumba za kaunti. Nafasi ni finyu, na karakana inahitaji nafasi. Inahitaji umeme wa kutosha kuendesha mashine, fundi wa kuzihudumia, stoo yenye kufuli, na bajeti ya mbao, vyuma na nyaya kila muhula, kwa sababu mwanafunzi hujifunza kwa kuharibu. Masharti ya wizara ni kwamba kila sekondari pevu itoe STEM pamoja na angalau mkondo mwingine mmoja, na zilizo kubwa zitoe yote mitatu. Lakini STEM ni pana. Shule inaweza kutimiza sharti hilo kwa Biolojia na Kemia peke yake, bila hata jiliwa moja la kubania chuma. Mwanafunzi aliyechagua shule kumi na mbili kwenye mfumo wa wizara na akakosa zile zenye karakana anaweza kujikuta amepangiwa mahali ambapo somo alilolipenda halifundishwi.

Kwa hiyo mzazi wa Hamza, Lumumba au Harambee mwenye mtoto wa Gredi ya 9, nenda shuleni siku ya kawaida ya masomo, usingoje siku ya sherehe. Omba kuiona karakana. Tazama kama mashine zina vumbi au zina maranda ya mbao na mabaki ya chuma. Uliza mwalimu wa somo hilo ni nani, ameajiriwa na tume ya huduma za walimu au analipwa na wazazi, na akihama nani atamrithi. Uliza somo hilo linaambatana na yapi, maana umeme ukienda pamoja na Fizikia huacha mlango wa chuo kikuu na wa chuo cha ufundi wazi vilevile. Msikilize na mtoto mwenyewe. Yule anayefungua redio mbovu na kuirudisha ikaimba amekwisha kukueleza jambo ambalo alama za mtihani hazikuambii.

Wasichana ndio wanaoumia zaidi katika uchaguzi huu. Msichana anayetaka umekanika hupambana na mzazi, kisha mwalimu, kisha gereji isiyo na choo cha wanawake.

Jirani zetu Tanzania wako kwenye safari hiyohiyo. Januari 2024 walianza mkondo wa amali katika kidato cha kwanza cha baadhi ya shule, kijana akisoma fani kama umeme au ujenzi sambamba na masomo ya kawaida. Hawakuanza kutoka sufuri. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, sekondari zao zilikuwa na michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu, na shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga zilitoa mafundi mchundo na wahandisi walioheshimika. Utafiti wa Psacharopoulos na Loxley uliochapishwa 1985, uliolinganisha Tanzania na Colombia, haukuona faida ya wazi ya mshahara kwa waliosoma michepuo hiyo, ilhali gharama yake kwa serikali ilikuwa kubwa. Wapo wanaoutumia utafiti huo kusema ufundi shuleni ni hasara. Naamini unasema jambo jingine: mchepuo usiofungamana na waajiri na vyuo vya juu haumfikishi kijana popote.

Na kama kuna mahali pa kufungamanisha, ni hapa. Ukitoka Jogoo Road kuelekea mjini unafika Gikomba na Kamukunji, ambako mapipa ya mafuta hugeuzwa masanduku, majiko na mikokoteni, na ambako Rais Moi alifika mwaka 1985 akaahidi vibanda kwa mafundi waliokuwa wakipigwa na jua. Upande wa South B kuna chuo cha reli kilichoanza miaka ya 1950, na Eneo la Viwanda lina kituo cha mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, inayotahini mafundi kwa madaraja. Fundi asiye na cheti hata kimoja cha shule anaweza kufanya jaribio la NITA na kutambuliwa. Mabasi ya umeme ya BasiGo yameonekana Nairobi tangu 2022, na pikipiki za umeme zinaongezeka. Gereji ya kesho itamhitaji mtu anayeelewa betri na programu ya kompyuta pamoja na spana, na mafundi wengi hodari wa leo hawakupata mahali pa kujifunzia hayo.

Somo la huduma kwa jamii, ambalo ni la lazima, lingeweza kuwa daraja. Shule ya Makadara ingekubaliana na mafundi wa Gikomba na viwanda vya Lunga Lunga, mwanafunzi akapewa miwani, glavu na saa maalumu za kujifunza chini ya fundi, na fundi akalipwa kwa kazi ya kufundisha. Fundi amekuwa mwalimu wa mitaa hii ya Eastlands kwa miongo mingi bila mshahara wala heshima ya mwalimu. Kumlipa ni nafuu kuliko kujenga karakana mpya katika kila kiwanja, na ujuzi wake haupatikani kwenye kitabu chochote cha kozi.

Wizara ya Elimu nayo ichapishe, kabla watoto wa Gredi ya 9 hawajachagua tena, orodha ya shule zenye karakana inayofanya kazi na mwalimu wa somo, shule kwa shule, wadi kwa wadi: Maringo/Hamza, Viwandani, Harambee, Makongeni. Mzazi ana haki ya kujua hilo kabla ya kubonyeza jina la shule. Orodha hiyo isipotoka, wazazi wa Makadara waidai kwa mwalimu mkuu, kwa mwakilishi wadi na kwa mbunge, tena waanze muhula huu.